Kurima

Msikilizaji, kama umehudhuria mazishi ya kwetu, ile karatasi unaijua. Jeneza likiwa bado limelazwa mezani, mtu mmoja wa ukoo anasimama na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini na wapi, alisoma wapi, aliajiriwa wapi na kwa cheo gani, alianza kuugua lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Akimaliza, mchungaji anapokea kipaza sauti.

Mama yetu alipofariki, kuiandika karatasi hiyo kulimwangukia kaka yangu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Aligeuza ndoo, akakaa nyuma ya jiko na daftari la hesabu la mjukuu mmojawapo. Mwaka wa kuzaliwa hatuujui. Akaandika "miaka ya 1940". Mahali: Rumonge. Hapo akaniangalia. "Niandike na Burundi?" Nikamwambia aandike, maana Rumonge haijahama. Elimu: akachora kistari. Ajira: kistari. Vyeo: kistari. Dakika tano hazijaisha, alikuwa ameshafika kwenye idadi ya wajukuu, na ukurasa wenyewe bado mweupe. Ndipo akaongeza sentensi moja, nadhani kwa kuionea huruma ile nafasi tupu: "Marehemu alikuwa mama mchapakazi."

Iliposomwa, watu walitikisa vichwa, na mama mmoja mbele akaitikia "kweli kabisa". Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na neno lile likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Si la uongo. Ila nimefanya kazi ya redio miaka mingi, nimesoma matangazo ya vifo mengi mno, na nimekuja kuona kwamba hilo ndilo neno tunalowapa watu ambao habari zao hatukuzitafuta. Akifa mkurugenzi, tunasema alifanya nini. Akifa mkulima, tunasema alifanya sana.

Kwa hiyo leo niruhusu nirudi kwenye kile kistari cha ajira.

Nianzie kwa jambo unalolifahamu. Kama umri wako unakaribiana na wangu, umewahi kuisikia Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu. Nyimbo zao zilipigwa redioni, zikapigwa kwenye mabasi, zikapigwa kwenye harusi. Lakini ulijiuliza hiyo ni barabara gani? Kwa nini katikati ya miombo ya Tabora, mahali ambapo wenyeji walipita wakitafuta asali, pawe na barabara zenye namba kama jiji kubwa la ng'ambo?

Ni kwa sababu Ulyankulu yalikuwa makazi ya wakimbizi. Serikali ilitenga pori katika wilaya ya Urambo ya wakati ule, siku hizi ni Kaliua, barabara zikachongwa, zikapewa namba, na watu wakapangwa kandokando yake, kila familia na kipande chake cha ardhi. Ukiulizwa unakaa wapi, hutaji ukoo wala mlima, unataja namba. Sisi barabara yetu haikutoa kwaya ya kuvuma, basi na namba yake nitaiacha.

Waliopangwa kwenye zile barabara walitoka Burundi mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule uasi ulizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wakauawa. Jeshi la serikali likajibu, na jibu lenyewe ndilo lililokuwa maangamizi: Wahutu waliosoma, walimu, makarani, wanafunzi, hata wenye vijiduka, walichukuliwa kwa orodha na hawakurudi. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kupanda. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nadhani nimeshaeleza ya kutosha.

Mama alibaki na dada yangu wa miaka mitano, kaka yangu mgongoni, na mimi tumboni. Walipita ziwani Tanganyika usiku kwa mtumbwi wa wavuvi mpaka upande wa Kigoma. Hayo aliyatusimulia dada. Mama mwenyewe ukimuuliza habari za siku ile alikuwa na jibu moja tu maisha yake yote: aliacha maharage jikoni. Aliyainjika tangu alfajiri, yalikuwa yanakaribia kuiva, na sufuria ilikuwa mpya. Ukimsukuma aendelee, anarudia habari ya sufuria. Nilipokuwa kijana nilikasirika, nikidhani ananificha. Siku hizi sina hakika kama kulikuwa na njia nyingine ya kuisimulia siku ile.

Kutoka Kigoma walipanda treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, na kutoka Tabora wakabebwa na malori. Walipewa jembe, panga, shoka, blanketi na mgao wa unga. Wakaonyeshwa pori. Miti ya miombo si ya kuchezea. Ina mizizi migumu, na pori lile lilikuwa na mbung'o wanaouma hata juu ya nguo. Wenye waume walifyeka wawiliwawili, mmoja anakata, mwingine anaburuta. Mama alifyeka peke yake akiwa na mimba, na akawa na zamu: asubuhi kipande chake, jioni kibarua kwa jirani apate mtu wa kumng'olea visiki.

Na hapa ndipo lilipotokea neno nililolifanya kichwa cha mazungumzo haya.

Watoto wa shule, hasa wale waliotoka vijiji vya Wanyamwezi nje ya makazi, walikuwa wakimcheka mama. Ulimi wake uliweka r pale ambapo Kiswahili kinaweka l. Alisema "kurara", alisema "kura chakura". Na kila asubuhi akipita na jembe begani, akiulizwa aendako, anajibu: "Naenda kurima." Wale watoto wakalishika. Wakituona tunapita wanaimba, kurima, kurima. Nami, Mungu anisamehe, siku moja niliimba pamoja nao ili nisionekane mtoto wake.

Nilikuwa mtu mzima, na ndevu zangu, nilipokaa na mzee mmoja anayejua Kirundi cha ndani, akaniambia jambo ambalo lilikuwa wazi kabisa siku zote. Kwa Kirundi, kulima ni kurima. Hakuwa anakosea Kiswahili. Alikuwa anatumia neno lake, ambalo ni ndugu wa tumbo moja na letu, na kati ya kila kitu alichokuwa nacho ng'ambo ya mpaka, hilo ndilo pekee lililovuka bila kuhitaji kubadilishwa.

Alilima nini? Ndiyo swali ambalo ule wasifu haukuuliza. Miaka ya kwanza mahindi, maharage na muhogo, mpaka mgao wa unga ukakoma kwa sababu makazi yalianza kujilisha yenyewe. Kumbuka hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, wakati nchi nzima ilikuwa na njaa na watu wa mijini wanapanga foleni ya unga wa njano. Kisha ikaja tumbaku.

Wewe uliyeiona tumbaku ikiwa kwenye pakiti tu, ngoja nikuonyeshe. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Ukiimwaga kwa mkono itaangukia sehemu moja. Mama aliichanganya na maji kwenye keni ya kumwagilia, akainyunyizia kitalu kama anamwagilia bustani. Miche ikishika, mvua za kwanza zikinyesha, unapandikiza. Unapalilia. Ikianza kutoa maua unayakata yote ili nguvu irudi kwenye majani, kisha kila wiki unang'oa maotea yanayochipua kwapani. Ikianza kuiva, inaiva kuanzia chini, basi unavuna majani mawili matatu ya chini kila mche, unarudi tena wiki inayofuata kwa yanayofuata, ukiwa umeinama muda wote. Majani yakiwa na umande yanakutia kichefuchefu na kizunguzungu, maana sumu yake inapita kwenye ngozi. Gundi yake inaganda mikononi, nyeusi, sabuni ya mche haiifikii. Mpaka leo nikimkumbuka mama akinimegea ugali, nauona weupe wa tonge na weusi wa kidole gumba.

Kisha unayashona majani kwenye fito, unayaning'iniza ndani ya bani. Bani ni jengo refu la matofali lisilo na madirisha, lenye tanuri chini na mabomba ya kupitisha joto. Moto hauzimwi usiku wala mchana kwa takribani wiki nzima, na haupandishwi ovyo. Unaanza mdogo majani yapate rangi, unaongezwa taratibu yakauke, mwisho unakazwa mpaka kikonyo cha katikati kivunjike kwa mlio. Ukilala usingizi moto ukazidi, majani yanaungua. Ukiacha upoe, yanageuka rangi ya kahawia na bei imeondoka. Mama alitandika mkeka mbele ya tanuri, akafunga kamba kwenye kidole cha mguu wa dada, wakawa wanaamshana kwa kuvutana. Kamba ile nimeiona. Ilikuwa ya katani.

Nisiipambe tumbaku, lakini. Miti iliyochomwa katika mabani ya Ulyankulu ni misitu mizima, na wakati wa mavuno madarasa yalibaki nusu. Nilikosa shule wiki nyingi za Machi na Aprili, na hesabu za sehemu sijazielewa hadi leo. Mama alijua. Alisema ada na sare zinatoka bani, kwa hiyo bani kwanza. Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hata sasa.

Tumbaku ikishapangwa madaraja na kufungwa robota, inapelekwa kwenye soko la chama cha msingi, ambako mteuzi anapita, anavuta jani, analinusa, analipa daraja. Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Ili uuze, lazima uwe mwanachama, uwe na namba. Siku ya kuandikishwa, karani mmoja aliyekuwa mezani alimtazama mama, mjane, hajui kusoma, akamuuliza mwanamume wa nyumba ni nani. Mama akasema hayupo. Karani akauliza kama hakuna mtoto wa kiume. Yupo. Basi akaandika jina la kaka yangu. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, anachunga mbuzi wa jirani kwa malipo ya maziwa. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa karatasi, mkulima wa tumbaku katika nyumba yetu alikuwa kaka. Mikopo ya mbolea ni ya kaka. Malipo yanatangazwa kwa jina la kaka. Mwaka mmoja tulipata daraja zuri, na walipomwita mkulima aliyefanya vizuri asimame apigiwe makofi, alisimama mvulana mwenye kaptura iliyotoboka nyuma.

Huyohuyo kaka ndiye aliyekaa juu ya ndoo, akaandika "Ajira" na kuchora kistari.

Sikumlaumu. Nilimkumbusha tu jioni, watu walipopungua. Alicheka kwanza, akasema "mimi ndiye niliyekuwa na makofi", kisha akanyamaza muda mrefu akikwangua ukucha kwenye kuni.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1978 yalifunguliwa makazi ya Mishamo, kwa kuwa Ulyankulu ilijaa na maji yalikuwa hayatoshi, na nusu ya rafiki zake mama wakapakiwa tena kwenye malori. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwapokea wakimbizi. Tulisikia kwenye redio ya jirani. Mama akauliza kama amepewa kwa ajili yetu sisi. Tukasema ndiyo. Akasema, "Basi namshukuru, lakini mbolea haijafika." Kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali, niliwahi kuteremshwa basini kwa kutokuwa nacho, nikatembea mpaka usiku, na yule aliyeniteremsha alikula mahindi niliyokuwa nampelekea shangazi. Hayo yamepita. Mahindi yalikuwa ya kuchoma, mazuri.

Habari ya mwembe siwezi kuiruka, kwa sababu niliitafsiri vibaya kwa miaka thelathini.

Mama hakupanda miti. Majirani walipanda michungwa, mipapai, mipera. Yeye alipanda vya msimu tu. Muhogo ndio uliokaa ardhini muda mrefu kuliko vyote, na hata huo alikuwa anaung'oa mapema. Isipokuwa mara moja alijaribu michikichi, maana Rumonge ni nchi ya mawese; alipata mbegu kwa mtu aliyetoka Kigoma, akaotesha tatu. Mvua za Tabora zina msimu mmoja. Miwili ilikufa, wa tatu ukabaki umedumaa kama fagio lililosimamishwa, hauzai wala haufi, mbuzi wakaumalizia. Hakujaribu tena. Halafu, katikati ya miaka ya 1980, akapanda mwembe. Kokwa, kwa mkono wake, akauzungushia miiba. Mwembe wa kokwa unajua unavyochukua miaka kabla ya kuzaa. Basi mimi, niliyekwishaanza kuandika insha na kujiona mjuzi wa mioyo ya watu, nikajiambia: siku ile mama alikubali kwamba harudi. Nilisimulia hivyo kwa marafiki. Nilikaribia hata kuitangaza redioni.

Namshukuru Mungu nilimuuliza kwanza. Alikuwa amekaa chini ya mwembe wenyewe, anachambua maharage kwenye ungo. Nikamuuliza kama alipoupanda alikuwa ameikatia tamaa Rumonge. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Nilitaka kivuri cha kushonea tumbaku," akasema.

Ilipofika mwaka 2007 na 2008, maofisa wa serikali na wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walipita barabara kwa barabara, nyumba kwa nyumba, wakiuliza kila mtu: unataka kurudi Burundi au unaomba uraia wa Tanzania? Wengi, kama wanne katika kila watano, walichagua kubaki. Mjomba wangu alirudi, akakuta watu wengine wanaishi kwenye shamba la babu, wamejenga na wamezaa, akaanza kesi ya ardhi. Mama alipofikiwa alikuwa ametoka shambani. Kijana mwenye fomu akamuuliza swali lake. Mama akajibu kwamba ana muhogo ambao haujakomaa. Kijana akamwambia, bibi, hapa kuna kurudi na kuna kubaki, muhogo hakuna. Mama akarudia habari ya muhogo. Mwishowe kijana akaweka alama kwenye "kubaki", na nafikiri alimwelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa mimi habari ya mwembe.

Kibali cha uraia kilitangazwa 2010. Vyeti vyenyewe havikuja. Ikasemekana raia wapya wote lazima watawanywe mikoani kwanza, wayaache makazi. Watu wakaacha kujenga, wakaacha kuezeka, mabani yakabomoka. Miaka minne hiyo ndiyo pekee niliyomwona mama akikaa na jembe mapajani bila kwenda popote. Kisha mpango ule ukaachwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kukabidhi vyeti. Waliopata uraia walizidi watu 160,000. Cha mama kilikuwa na picha yake amekunja uso, kwa sababu mpiga picha alimwambia avue kilemba. Alikiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya zahanati na ile kadi ya zamani ya chama cha msingi yenye jina la kaka. Nilimletea fremu kutoka Dar es Salaam. Fremu aliitumia kuwekea picha ya mjukuu.

Nilijaribu pia kumleta mwenyewe Dar es Salaam. Alikaa wiki tatu. Wiki ya pili nilikuta amepanda mchicha pembeni ya mtaro wa maji machafu wa nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba amekasirika. Wiki ya tatu akaomba nauli.

Alifariki mwezi Machi, baada ya kuugua siku nne tu. Zile siku nne zilimkuta katikati ya palizi ya maharage. Kirundi kina neno ikivi. Ni kipande cha shamba anachojipimia mtu kukimaliza kabla ya kupumzika. Mama alikuwa na tabia ya kukipima kwa hatua kila asubuhi, anachomeka kijiti pale anapotaka kufika, kisha anaanza. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakisogeza kijiti karibu tukidhani haoni. Na kwa watu wa kwao, mtu akifa ameacha ikivi chake, wenzake wanakimaliza.

Asubuhi ya siku ya tatu ya matanga tulikwenda shambani sisi watatu. Kijiti kilikuwepo. Palikuwa pamebaki mistari mitatu kukifikia, majani yameanza kuyapanda maharage. Kaka akalichukua jembe la mama, kwa kuwa yeye ndiye mkulima kwenye karatasi, akapiga mara kumi, kumi na mbili, akasimama. Linapinda, akasema. Tukaliangalia. Mama alikuwa wa mashoto, na kwa miaka yote ile bapa la jembe lilikuwa limelika upande mmoja, likabaki na umbo la kisu butu. Ukilishika kwa mkono wa kulia linakuvuta nje ya mstari. Nikajaribu mimi, nikakata shina la maharage.

Dada yetu ndiye pekee aliyerithi mashoto. Alijifunga khanga kiunoni, akalipokea, akamaliza mistari yote mitatu bila kunyoosha mgongo. Kisha akaking'oa kijiti, akaenda nacho nyumbani, akakisukumia jikoni chini ya sufuria ya chai, maana kuni za matanga zilikuwa zimeanza kupungua.